Shemeji, Wewe Muuza Nguo Tangu Lini?

Shemeji Amisi,

Ijumaa nilikuja makaburini nimejipanga kukugombeza. Nilikusalimia kama tunavyofundishwa kuwasalimia walioko huko, nikakuombea dua, kisha nikafungua mdomo nianze yangu. Hapohapo imamu akapita na watu wake, wamekuja kuzika mtu mwingine, maana siku hizi Bujumbura ni nadra Ijumaa kupita bila jeneza. Nikaona haya. Mtu mzima, kofia kichwani, anaufokea udongo! Nikafunga mdomo, nikarudi Buyenzi na hasira zangu zote. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mezani kwa dada yangu Zaina, mkeo. Hapa nitakugombeza nipendavyo, yeye ameshanizoea.

Neno lenyewe ni hili: mdogo wako Kashindi anakohoa.

Hakohoi kama mtu mwenye mafua. Anakohoa kama ulivyokohoa wewe, kikohozi kikavu cha asubuhi, mkono mmoja ukutani, halafu anageuka na kucheka ili tusimuulize. Pistole yako ya kupulizia rangi anayo yeye. Kompresa yako anayo yeye, na ile nafasi yako nyuma ya garaji langu, chini ya mabati, amekaa yeye. Sasa ameona arithi na kifua. Kila nilipomwambia twende tukapime, alinijibu kwa maneno yako. Sisemi yanayofanana na yako, nasema yako yenyewe. "Mi siko mugonjwa, shemeji. Ni rangi tu inakaa mu kifua. Nikikunywa maziwa inashuka." Siku ya kwanza kuyasikia kinywani mwake niliangusha spana, nikaenda kukaa ndani ya gari la mteja nikafunga na vioo.

Haya, tuanze na hayo maziwa. Nani aliwadanganya ninyi mafundi rangi? Ukimaliza kupuliza gari, hata mikono hujanawa, unakwenda kwa yule mama wa maziwa pale kona, unashusha kikombe kikubwa, unajipiga kifua na kusema umeoga ndani. Nilikuuliza siku moja maziwa yanapita njia gani mpaka yafike kwenye mapafu. Ukanijibu kwamba mimi ni mtu wa injini, mambo ya rangi nikuachie. Garaji zima likacheka. Ulikuwa na jibu kwa kila kitu, na majibu yako yalikuwa matamu kuliko maswali yetu. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, Amisi! Hata mtoto wako wa mwisho analijua hilo.

Na rangi zenyewe zilikuwa rangi gani! Ambargo ilipoanza, nchi jirani zikatufungia mipaka yao, rangi nzuri zikaadimika na dawa ya kuchanganyia ikaadimika zaidi. Ukaanza kuchanganya na chochote kinachonuka. Esansi ya kwenye matangi ya magari, mabaki ya makopo ya zamani, vitu ambavyo hata majina hukutaka kutuambia. Zaina alikukatia kipande cha kitenge ujifunge puani. Ukakifunga siku mbili tatu, kisha ukakitundika msumarini kwa sababu eti kinakuharibia jicho, huoni rangi inavyokaa. Nikakwambia rangi inaonwa kwa macho, pua inahusikaje. Ukacheka. Mungu akurehemu, ulikuwa unanichosha ukiwa hai na unanichosha mpaka leo.

Halafu kuna habari ya mganga wako wa Uvira. Hiyo ndiyo inayonitia wazimu kuliko maziwa.

Nakubali kwamba Uvira, ng'ambo ya mpaka, ni kwenu. Nakubali kwamba huyo mnayemwita mganga ni muuguzi, kwamba alikutibu tangu utoto, kwamba alimtibu na baba yako, kwamba ukiingia kwake huna haja ya kujieleza. "Munganga wa kwetu anajua mwili yangu. Hapa nitaanzia wapi kumuelezea mutu?" Sawa. Wakati njia ilikuwa wazi ulikwenda asubuhi ukarudi jioni na vidonge na samaki, na hakuna aliyekulaumu. Lakini vita vikaja kule, vita vikaendelea huku, mpaka wa nchi ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, na barabara ya Gatumba ya kwenda kwenu ikawa ya kupita mwenye shida kubwa na moyo mgumu. Na wewe ukangoja. Ulikaa na redio yako sikioni kila asubuhi kusikia kama wamefungua. Unakohoa, unatema, unasikiliza redio. Dispensari iko mitaa michache kutoka garajini. Ungekwenda na kurudi kabla mkono wa kwanza wa rangi haujakauka! Lakini la, wewe unaitazama milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa kama mtu anayengoja teksi.

Kwenye matanga yako watu walikuja wengi. Nakueleza ujue. Mafundi walifunga, hata wauza vipuri walifunga, na wewe unawajua hawafungi kirahisi. Lakini kulikuwa na bwana mmoja, simtaji, mtu wa ofisi anayekaa Mutanga Nord, uliyewahi kumpigia rangi pikapu. Akanywa chai yetu, akatikisa kichwa, akasema: "Hawa watu wa ng'ambo ndivyo walivyo. Hospitali hawazipendi, wanapenda mizizi yao." Shemeji, nusura nimmwagie ile chai. Zaina alinishika mkono.

Maana mimi nilikuona. Binti yako alipopata homa kali ile wiki ya milio ya mizinga, wewe ndiye uliyembeba mpaka hospitali huku sisi wazaliwa wa hapa tumejikunyata chini ya vitanda. Mtoto alikuwa ameandikishwa kama Mrundi kwa upande wa mama yake, kwa hiyo kwake milango yote ilikuwa wazi, na wewe ulikimbia kama mtu anayeijua kazi ya hospitali. Mtu asiyependa hospitali hakimbii hivyo. Ila ulipokuwa mgonjwa wewe mwenyewe, habari ikabadilika. Pale getini pa hospitali yule mtu anayekaa kitini anakuuliza jina, halafu kilima ulichozaliwa. Katika nchi hii, miaka hii, ambapo kilima kinasema wewe ni wa upande gani, swali la kilima linamtoa jasho hata Mrundi. Wewe kilima huna. Unasema Uvira, anakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, halafu anakuonyesha upande wa bei ya wageni. Umeishi Buyenzi tangu ndevu hazijaota, umeoa kwetu, umezaa kwetu, umepaka rangi nusu ya magari ya mji huu, na bado wewe ni mgeni mbele ya kidirisha cha malipo. Hilo najua lilikuuma. Mimi lingeniuma hivyohivyo.

Na lile la msako silisahau. Polisi walipoingia mtaani kukusanya wageni wasio na karatasi za kazi, wakamchukua rafiki yako fundi wa betri, mikono imejaa grisi, hata kunawa hawakumwacha, wakampeleka mpakani kama mzigo. Toka siku ile mtu yeyote mwenye kalamu kwako alikuwa polisi. Mkusanya ushuru, karani wa zoni, mwalimu wa watoto, muuguzi, wote kwako walikuwa serikali moja. Nilikwambia anayekaa getini si yule anayekaa ndani na dawa. Ulinijibu: "We unasema hivyo sababu uko kwenu."

Ni kweli, niko kwetu. Lakini kukukasirikia nakukasirikia palepale.

Unamkumbuka yule daktari wa Kiriri, kule kwa wenye nazo? Aliyeleta gari lake la kijani, akasimama nawe asubuhi nzima mnabishana kuhusu ukijani? Daktari mzima! Amesimama pale, shati jeupe, hana haraka, anakuuliza habari za nyumbani. Na wewe kikohozi kinakupanda, unaenda nyuma ya ukuta, unakohoa kule, unarudi unafuta mdomo na kusema ni vumbi la msasa. Nilikukonyeza. Nilikukanyaga mguu. Baadaye ukaniambia mteja akijua fundi ni mgonjwa analiondoa gari lake, na wenzake wa Kiriri hawaleti tena. Gari likatoka zuri kweli, kijani kama alivyotaka. Daktari alishukuru, akaondoka nalo, na wewe ukaenda kunywa maziwa.

Siku ulipoanguka pale mabatini hatukukuuliza tena. Tulikupakia kwenye pikapu la mteja, kichwa chako mapajani kwa Zaina, tukapanda hospitali. Getini nilizungumza mimi. Nilizungumza kwa Kirundi, kwa Kifaransa changu kibovu, kwa sauti, mpaka wakafungua. Halafu wakanituma mjini kutafuta serumu ya dripu na glavu na sindano, maana kule kila kitu unakwenda nacho, na madawa mengine yalikuwa hayapatikani hata ukibisha hodi kila famasia. Niliporudi, daktari alikuwa ameshakuuliza maswali yake, ameshaandika, ameshaanza kutibu. Nikasema Alhamdulillahi, sasa yuko mikononi mwa wanaojua.

Ulikaa pale siku zako chache. Zaina alilala sakafuni chini ya kitanda chako, akakupikia uji nje kwenye mkaa pamoja na wake za wagonjwa wengine. Ulianza kumtania muuguzi kwamba kitanda chake kinahitaji rangi. Nilidhani umepona. Halafu Ijumaa, kabla ya adhuhuri, ukatutoka.

Baada ya kukuzika nilirudi hospitali kuchukua sufuria na shuka zetu. Nikakutana na daktari wako kwenye ushoroba. Mtu mpole, bado kijana, macho mekundu ya uchovu. Akanipa pole. Akasema, kwa wema kabisa, kwamba hata biashara ya nguo ina vumbi lake, marobota yale ya mitumba yanaumiza vifua vya watu wengi.

Nikamuuliza, nguo gani?

Akanitazama. Akasema mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba anauza nguo sokoni.

Shemeji! Wewe muuza nguo tangu lini? Wewe ambaye ulikuwa na suruali mbili, na zote zina rangi ya gari la mtu? Ulilala mbele ya yule kijana na kucha za buluu, buluu ya ile Toyota ya mwisho, ukamwambia unauza nguo! Na Zaina alikuwa pembeni. Nimemuuliza, akalia, akasema ulimbana mkono. Uliogopa wakijua ni fundi watauliza karatasi ya kazi, na wakiuliza karatasi watakutoa kitandani wakupeleke daraja la mpaka na serumu yako mkononi. Ndivyo ulivyowaza. Mtu anakufa, hana pumzi, na pumzi iliyobaki anatungia uongo wa nguo.

Nilimwambia daktari ukweli pale pale, umechelewa kama ulivyokuwa. Nilimweleza rangi, esansi, pua wazi, miaka yote ile. Aliegemea ukuta. Hakuapa kwamba ungepona. Alisema tu kwamba alikuwa akitafuta ugonjwa upande mmoja, na kama angejua angetafuta na upande mwingine. Basi. Nikachukua sufuria zangu nikashuka mjini kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu, watu wakinipisha.

Mpaka ulifunguliwa wiki ileile ya matanga. Ndiyo, ulifunguliwa. Sitaki hata kulizungumzia.

Sasa nikupe habari za huku. Zaina amemaliza eda. Anakaanga sambusa mbele ya nyumba, na ulimi wake umerudi, ananisema kuliko zamani. Watoto wanasoma siku ambazo shule inafunguliwa. Milimani bado wanapigana, na jioni kila mtu anakimbilia kwake kabla ya saa ya amri ya kujifungia ndani, kwa hiyo kazi tunaianza alfajiri. Ile teksi uliyoiacha katikati bado ina mlango mmoja wa kijivu, mastiki tupu bila rangi. Kashindi alitaka kuumalizia, mwenye teksi akakataa. Anasema mlango ule ni wa Amisi, uachwe hivyohivyo. Anapita nao mjini kote, abiria wanamcheka, yeye hajali. Kila nikiiona ile teksi nakukumbuka, halafu nakumbuka nguo, halafu nakasirika upya.

Ndipo kikohozi cha Kashindi kikaanza.

Nilijaribu kila njia. Nilimsema kwa upole, nikamsema kwa ukali. Zaina alimnyima chakula mchana mmoja, naye akaenda kula kwa jirani. Nilimtishia kumfungia garaji. Akaniambia nikimfungia ataenda kupaka barabarani. Yeye naye ana mganga wa Uvira, yuleyule! Ana kikombe cha maziwa, yule mama wa kona amempa hata cha kwako. Mimi kwake ni shemeji wa kutaniana, mtu aliye kwao, mwenye kilima. Maneno yangu hayamwingii. Mtu mmoja tu duniani ambaye yule kijana alimsikiliza ni wewe kaka yake mkubwa, "Yaya Amisi kasema," na mjadala ukawa umeisha.

Basi nimefanya jambo, na ni haki yako ulijue. Nimekusingizia.

Nilimkalisha juu ya tairi, nikavua kofia, nikamwambia kwamba kabla hujafariki ulimwachia wasia. Akanyanyuka. Akaniuliza ulisema lini, mbona yeye hakusikia. Nikamwambia siku ile alipokwenda kutafuta mkate. Akauliza ulisemaje. Nikamwambia ulisema: Kashindi apimwe kifua kabla hajaendelea kupuliza rangi. Niliona uso wake unavyobadilika, shemeji. Hakubisha tena. Alifuta mikono, akaniuliza, "Yaya alisema ivo? Kwa kinywa yake?" Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo bila kupepesa macho.

Jumatatu tukaenda pale dispensari ya jirani. Njia nzima alikuwa anajikuna shingo. Tulipofika karibu na mlango akasimama. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, nikiulizwa kazi, niseme nafanya kazi gani?"

Nilijua kabisa anatafuta uongo wa kusema. Labda nguo, labda samaki, labda mkaa, kitu chochote kisichohitaji karatasi. Nikashika bega lake, nikaongeza neno lingine juu ya wasia wako, neno ambalo ulipokuwa hai hukulitoa. Nikamwambia: yaya yako alisema uwaambie kweli.

Tukaingia. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, mezani ana rundo la karatasi. Jina. Umri. Anapokaa. Kashindi anajibu, mimi nasali. Kisha akauliza: "Unafanya kazi gani?"

Kashindi akautazama mlango. Akanitazama mimi. Akasema: "Mi napiga rangi ya magari."

Na yule mama akaandika. Ni hivyo tu, Amisi. Aliandika, hakuinua hata kichwa. Hakuita mtu, hakuuliza karatasi. Alichouliza baada ya hapo ni rangi ya brashi au ya kupuliza, na anajifunga nini puani. Kashindi aliposema hajifungi kitu, ndipo akainua kichwa, akamgombeza vizuri sana, akamwambia avue shati, akamsikiliza mgongo kwa muda mrefu, huku na huku, na akarudia. Amempa dawa za kuanzia, amemwandikia picha ya kifua, amemkataza kupuliza mpaka majibu yatoke. Hatujui bado yatasemaje. Naogopa, sikufichi. Lakini safari hii wanatafuta pande zote.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kashindi alidhani nimefurahi. Nililia, shemeji, nikalia kwa hasira, mpaka wagonjwa wakanipa pole wakidhani nimefiwa leo. Swali lililokufunga mdomo mpaka kaburini, yule mama aliliuliza huku anatafuta kalamu nyingine.

Siwezi kusema ulikosea kuogopa. Yule wa getini yupo, msako ulikuwepo, rafiki yako wa betri hajarudi. Ila nakukasirikia, na nadhani nitaendelea kukukasirikia, maana nisipokukasirikia nitabaki kukukosa tu, na hilo siliwezi bado.

Sasa nikuage. Nakuahidi kwamba wasia niliokutungia nitausimamia kama umetoka kinywani mwako. Picha ya kifua tutapanda hospitali kuifuata pamoja, getini nitazungumza mimi, na ndani atazungumza yeye. Mpaka muuguzi aseme, Kashindi atanyoosha bodi na kupiga msasa wa maji, asigune. Watoto wako ni wangu. Zaina ni dada yangu, hilo halina haja ya ahadi.

Pumzika, Amisi. Mungu akupanulie kaburi lako. Na ukiulizwa huko ulikuwa nani, usiutazame mlango. Jibu.

Shemeji yako,
Saidi